Somo la Sita: Nyumba ya Pembezoni na Gharama ya Umbali

Somo hili linahusu uamuzi ambao kaya nyingi huufanya mara moja tu katika maisha: kuacha nyumba ya kupanga katikati ya mji na kuhamia kitongoji chenye nyumba chache, viwanja vipana na nafasi ya kutosha kati ya jirani na jirani. Mifano yetu tunaichukua Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko tatizo lilikokomaa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huo. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja walioongezeka katika miaka kumi hawakutoshea Kariakoo wala Magomeni. Wengi wamesogea nje, kuelekea Goba, Madale, Bunju, Kibamba, Chanika, Kibada na Gezaulole.

Masuala ya hati miliki na utapeli wa viwanja tumeyaeleza katika somo la tano, nasi hatutayarudia ila pale yanapogusa mada. Hapa tunachukulia kwamba kiwanja au nyumba uliyoonyeshwa ni halali, muuzaji ni mmiliki wa kweli, na fedha unayo au unaweza kuipata. Swali linalobaki ni moja: je, kaya yako itaweza kuishi huko?

Tunasema kaya, hatusemi wewe, kwa sababu. Bei ya ardhi hushuka kadiri unavyotoka mjini, lakini umbali wenyewe haufutwi na punguzo hilo. Hulipwa kidogo kidogo kila siku, kwa nauli, kwa saa za usingizi na kwa madumu ya maji. Na mara nyingi anayeulipa si yule aliyekwenda na dalali kukiona kiwanja siku ya Jumapili mchana, barabara zikiwa tupu.

Maana ya ujazo mdogo

Maofisa mipangomiji hugawa viwanja vya makazi katika mafungu matatu: ujazo mkubwa, ujazo wa kati na ujazo mdogo. Ujazo mdogo ni eneo lenye viwanja vikubwa na watu wachache kwa kila eka. Mgawanyo huu una historia ambayo inafaa kuikumbuka. Tangu utawala wa Wajerumani, na baadaye wa Waingereza, mji wa Dar es Salaam ulitengwa katika kanda tatu za ujenzi, na wazee wa mji bado wanazitaja kwa majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Oysterbay ilipewa viwanja vya bustani; Kariakoo ikapewa viwanja vidogo vya kubanana. Lakini bustani za Oysterbay hazikukaliwa kwa raha kwa sababu ya upana wake peke yake. Barabara, bomba na nguzo za umeme vilifikishwa huko kwa gharama ya umma, ingawa wakazi walikuwa wachache.

Mnunuzi wa leo huuziwa upana wa Oysterbay bila bomba la Oysterbay.

Sababu yake si uzembe wa taasisi peke yake, ingawa uzembe nao upo. Chukua bomba la maji lenye urefu wa mita mia moja. Likipita Tandale au Manzese, linapita mbele ya kaya nyingi mno, na gharama ya kulilaza inagawanyika kwa wateja wengi. Likipita katika mtaa wa viwanja vikubwa, ambavyo nusu yake bado ni vichaka vinavyosubiri wenyewe wastaafu, huenda likakuta wateja wanne. Gharama ya mfereji na bomba ni ileile. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayotawala taa za barabarani, gari la kuzoa taka na daladala. Mwenye daladala anataka viti vijae. Njia yenye abiria wachache ataiacha, au ataishia penye lami na kugeuza. Kwa hiyo, mahali penye nyumba chache, huduma huchelewa kufika, na katika kipindi hicho cha kungoja kila kaya hugeuka kuwa mamlaka yake yenyewe ya maji, ya ulinzi na ya usafi.

Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, unatupa funzo la wazi. Serikali ilipima na kuuza viwanja katika maeneo kama Kibada, Gezaulole, Tuangoma, Mwanagati, Buyuni, Mbweni na Bunju. Upimaji ulikuwa halali na ramani zilikuwepo. Barabara za udongo zilichongwa. Hata hivyo, maji na umeme vilichelewa katika sehemu kadhaa, na viwanja vingi vilikaa miaka bila kujengwa. Aliyejenga mapema alijikuta peke yake katikati ya vichaka, akilipia mlinzi, huku majirani zake wakiwa ni mawe ya mipaka. Alikuwa na hati safi mkononi, na bado alitaabika.

Kilomita tatu za mwisho

Tuchukue mfano. Tarakimu zilizomo ni za kufundishia tu. Ukimaliza kusoma, ziondoe na uweke za kwako.

Kaya moja inapanga Sinza kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Baba anafanya kazi Kariakoo, mama ana kibanda cha nguo Mwenge, na binti yao yumo kidato cha tatu katika shule ya karibu. Baba hutumia shilingi 600 kwenda na 600 kurudi; mama na binti hutembea kwa miguu. Nauli ya kaya nzima kwa siku 26 za kazi ni shilingi 31,200.

Wanajenga nyumba upande wa Madale, kilomita tatu kutoka kituo cha daladala. Binti anabaki katika shule yake mpaka amalize kidato cha nne. Sasa baba anapanda bodaboda kwa 1,500 hadi kituoni, daladala la kwanza kwa 700 na la pili kwa 600, jumla 2,800 kwenda na kiasi kicho hicho kurudi. Kwa siku 26 ni shilingi 145,600. Mama anapanda bodaboda na daladala moja, 2,200 kwa kwenda, na kwa mwezi ni 114,400. Binti hulipa 1,500 ya bodaboda na 200 ya nauli ya mwanafunzi. Kwa siku 22 za shule ni 74,800. Jumla ni shilingi 334,800. Ukiondoa ile ya zamani, nauli imeongezeka kwa shilingi 303,600. Kodi ya nyumba waliyoikimbia imelipwa yote, na ziada juu yake, ila safari hii haikulipwa kwa mwenye nyumba.

Tazama tena hesabu hiyo kwa makini. Katika ile 334,800, fedha ya bodaboda peke yake ni 222,000, takribani theluthi mbili. Safari ndefu ya kutoka Madale hadi Kariakoo haikula fedha nyingi kama kile kipande cha kilomita tatu kati ya mlango wa nyumba na kituo. Ndiyo maana tunawashauri watumiaji waache kuuliza, "Ni kilomita ngapi kutoka mjini?" na badala yake waulize, "Ni hatua ngapi kutoka kituoni, na kituo hicho kina daladala saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku?" Nyumba iliyoko kilomita 25 kutoka Posta, lakini dakika tano kwa miguu kutoka barabara kuu, inaweza kuwa rahisi kuishi kuliko ile ya kilomita 15 iliyojificha nyuma ya korongo.

Wapo watakaosema kwamba kilomita tatu hutembewa. Ni kweli, na wengi hutembea. Lakini binti wa kidato cha tatu atazitembea gizani, na wakati wa mvua atazitembea kwenye tope. Ama atapanda mshikaki nyuma ya mama yake, jambo ambalo sheria inalikataza na ambalo wodi za majeruhi zinalifahamu vizuri.

Saa nazo zihesabiwe. Ikiwa baba alitumia dakika 40 kwenda kazini na sasa anatumia saa mbili, amepoteza saa moja na dakika 20 kwa kwenda na kiasi hicho hicho kwa kurudi. Kwa siku 26 zinakuwa zaidi ya saa 69, karibu siku tisa za kazi za saa nane. Siku hizo tisa zimetolewa katika muda wa kulala, wa kukaa na watoto, wa ibada, na wa ile biashara ndogo ya jioni iliyokuwa ikiongeza kipato.

Kwa wakazi wa Kigamboni ipo hesabu ya ziada. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016 na limeondoa sehemu kubwa ya adha ya kungoja kivuko cha Magogoni. Lakini vyombo vya moto vimekuwa vikilipia kupita. Ulizia viwango vya sasa, ukivizidisha kwa idadi ya safari zako za mwezi kabla hujasema kwamba kiwanja cha Kibada ni cha bei nafuu.

Riziki inabaki wapi

Desemba 2011 mvua kubwa zilileta mafuriko Dar es Salaam, na wakazi wa mabondeni, hasa bonde la Msimbazi, walipoteza ndugu na mali. Serikali iliwapatia baadhi ya waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Ardhi ya huko iko juu na maji ya Msimbazi hayafiki. Kwa kila kipimo cha usalama wa nyumba, walikuwa wamehamia pazuri zaidi. Hata hivyo, wapo walioviuza au kuviacha viwanja hivyo na kurudi karibu na mjini. Riziki yao ilikuwa ya siku: vibarua, kuuza chakula, kubeba mizigo, kufua nguo za watu. Kazi za namna hiyo hazimfuati mtu hadi Mabwepande, na nauli ya kuzifuata ingemaliza kipato chenyewe.

Wengine waliwashangaa. Sisi hatuoni la kushangaza. Walifanya hesabu ileile tuliyoifanya hapo juu, ila waliifanya kwa njaa badala ya kalamu.

Basi kabla ya kuamua, andika majina ya watu wote wanaoishi katika nyumba yako, akiwemo dada wa kazi na mzazi mzee kama yupo, na mbele ya kila jina andika anakwenda wapi, mara ngapi kwa wiki, na kwa chombo gani. Gari la familia lisikupoteze. Gari moja hubeba safari ya mtu mmoja, kwa kawaida yule mwenye mshahara mkubwa. Wengine wote wanabaki nyumbani wakiwa mbali na duka la dawa, sokoni, kliniki na shule. Mama mwenye mtoto mchanga anayebaki kutwa katika nyumba nzuri isiyo na jirani wa kuita atakuambia mengi kuhusu ukimya wa pembezoni. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayehitaji huduma saa nane usiku, bodaboda zikiwa zimelala, naye yumo katika hesabu hii.

Haki inatutaka tuongeze kwamba mji wenyewe nao unahama. Kituo cha mabasi ya mikoani kilitoka Ubungo kikaenda Mbezi Luis mwaka 2021. Hospitali ya Mloganzila iko nje kabisa, upande wa Kibamba. Kwa mfanyabiashara anayepokea mizigo kutoka Morogoro, au mwuguzi wa Mloganzila, Kibamba si pembezoni hata kidogo. Kwake Posta ndiko mbali. Umbali hupimwa kutoka kwenye maisha ya mtu.

Maji

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Oktoba 2022, kina cha mto kiliposhuka kwa ukame, mgawo ulitangazwa jiji zima. Kwa hiyo hata kuwa na mita ya maji ukutani si dhamana kamili. Anayehamia mahali pasipo na bomba ana njia tatu: boza, kisima, na mvua.

Boza ni njia ya haraka na ya ghali. Ulizia bei yake kwa wakazi, si kwa muuzaji wa kiwanja, na uliza inapanda hadi wapi wakati wa kiangazi na wakati barabara imeharibika. Uliza pia kama boza linafika mlangoni. Mwenye nyumba mmoja anaweza kuwa na simtanki ya lita elfu tano juu ya mnara, na boza likaishia mita mia mbili kabla ya kuifikia kwa sababu ya mchanga.

Kisima kinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa watu hukichukulia kama suluhisho la milele. Kisima kirefu huhitaji kibali. Kwa Dar es Salaam mamlaka husika ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Maeneo ya karibu na bahari hutoa maji ya chumvi, na kadiri wakazi wengi wanavyovuta maji ardhini ndivyo maji ya bahari yanavyosogea ndani. Kisima kilichokuwa na maji matamu mwaka wa kwanza kinaweza kubadilika baadaye. Usiridhike na kuonja. Peleka sampuli maabara ipimwe chumvi na vijidudu.

Na hapa ndipo ujazo mdogo unapokuwa na faida ya kweli, ingawa wachache huieleza hivyo. Katika eneo lisilo na bomba la majitaka kila nyumba ina shimo lake la choo au karo. Uchafu wa shimo hilo hupenya ardhini, na udongo huhitaji nafasi ili kuuchuja. Kiwanja kipana kinakuwezesha kuweka kisima upande mmoja na karo upande wa mbali, chini ya mteremko. Lakini kinga hiyo inadumu tu ikiwa jirani naye anabaki na kiwanja kipana. Siku atakapokigawa chake vipande vinne na kuviuza, mashimo manne yatachimbwa nyuma ya ukuta wako, pengine mita chache kutoka kwenye kisima unachonywea. Watu hudhani upana wa mtaa ni suala la uzuri tu, kumbe ni suala la kuhara pia.

Maji ya mvua ni msaada mkubwa na yanadharauliwa. Paa la bati la nyumba ya kawaida, lenye mifereji mizuri, hujaza matangi mengi katika masika. Ikiwa utajenga, weka tangi la chini ya ardhi katika ramani tangu mwanzo. Kulichimba baadaye kunagharimu zaidi.

Nenda wakati wa masika

Muuzaji hupenda kuonyesha kiwanja Agosti, ardhi ikiwa kavu. Nenda tena kati ya Machi na Mei. Kama haiwezekani, nenda wakati wa vuli, siku moja baada ya mvua kubwa. Katika baadhi ya maeneo ya Tegeta, Boko na Basihaya maji hutuama juu ya ardhi muda mrefu baada ya mvua kukatika, na nyumba nzuri zimegeuka visiwa. Alama ya maji kwenye kuta za jirani, matete yanayoota mahali ambapo pasingestahili kuwa na matete, kifusi kilichomwagwa upya: hivyo vyote husema. Waulize wauza genge na waendesha bodaboda. Hao hawana kiwanja cha kukuuzia.

Njia ya kuingia nayo iangaliwe. Uliza kama ni barabara iliyomo katika mchoro wa mipangomiji au ni huruma ya mwenye shamba ambaye siku moja atajenga ukuta. Upande wa pili, aliye karibu mno na barabara kuu ana hatari yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa, na zipo sehemu ambazo hifadhi ni pana zaidi. Mwaka 2017 nyumba nyingi za kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi. Kwenye umeme hatuna mengi ya kusema: uliza nguzo ya mwisho iko wapi, kwa maana gharama ya kuunganishwa hupanda kwa kila nguzo inayoongezwa, na aliyetangulia ndiye anayelipia nguzo ambazo wengine watazifaidi.

Utulivu hauandikwi kwenye hati

Wengi huenda pembezoni wakifuata utulivu. Tunauheshimu utashi huo. Mtu aliyelala miaka kumi kando ya baa ana haki ya kutamani sauti ya kunguru. Lakini hati miliki humpa mtu kiwanja chake, haimpi mtaa. Kichaka cha jirani kinaweza kuwa kiwanda cha matofali, ukumbi wa harusi au gereji. Kinga iliyopo ni mchoro wa mipangomiji wa eneo, unaoonyesha matumizi ya kila kiwanja: makazi, biashara, shule, eneo la wazi. Nenda halmashauri inayohusika, iwe Kinondoni, Ubungo, Temeke, Kigamboni au Jiji la Dar es Salaam, uombe kuuona kwa namba ya kitalu na kiwanja. Ikiwa eneo halina mchoro ulioidhinishwa, basi hakuna mtu anayeweza kukuahidi utabaki na jirani wa aina gani, hata awe na kauli tamu kiasi gani.

Mipango mikubwa nayo iulizwe. Mwaka 2008 sehemu kubwa ya Kigamboni ilitangazwa kuwa eneo la mji mpya, na kwa miaka kadhaa wamiliki hawakujua kama wajenge, wauze au wangoje. Mradi haukutekelezwa kama ulivyotangazwa. Aliyekuwa na msingi uliofika kwenye mkanda alibaki akiutazama.

Kuhusu majirani tuna neno moja. Katika mitaa ya mabanda ya uani, msiba ukitokea, turubai linasimama kabla hujaliagiza. Penye kuta ndefu na mageti, utasaidiwa na wale tu uliowahi kujitambulisha kwao. Ukihamia, jiandikishe kwa mjumbe wa shina, uingie katika kikundi cha ulinzi shirikishi na ulipe mchango wa kukarabati njia hata kama gari huna. Hiyo ni gharama, na iingie kwenye bajeti.

Nani aende

Kwa maoni yetu, nyumba ya pembezoni inawafaa wale ambao safari zao za kila siku ni chache au zinaelekea huko huko: mfugaji wa kuku, fundi mwenye karakana nyumbani, mwalimu wa shule ya karibu, kaya ambayo watoto wameshamaliza shule. Inawafaa pia wenye subira na akiba, wanaoweza kubeba miaka mitano ya maji ya boza bila kukopa. Kwa mstaafu tuna shaka kidogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Anapata bustani na hewa, lakini ndio umri anaoanza kuhitaji hospitali, na kiinua mgongo kikishaingia kwenye zege hakitoki kwa urahisi.

Tunawashauri wasihamie upesi wale wenye watoto wadogo na kazi mbili katikati ya mji, hata kama kiwanja tayari wanacho. Kumiliki ardhi hakumlazimishi mtu kuishi juu yake mwaka huohuo, ingawa masharti ya hati kuhusu muda wa kuendeleza lazima yasomwe. Panda miti, weka uzio, lipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka, ngoja bomba.

Na kwa yeyote mwenye mashaka, ipo njia ambayo wananchi wengi huiona kama kupoteza fedha, nasi tunaiona kama bima ya bei ndogo: panga huko kwanza. Tafuta nyumba katika mtaa uleule, au ule wa jirani, kwa miezi sita ambayo ndani yake imo masika. Kodi ya miezi sita ni sehemu ndogo ya gharama ya kujenga. Katika miezi hiyo weka daftari: nauli ya kila mtu, maboza yaliyonunuliwa, siku ambazo watoto walichelewa shule, usiku ambao umeme ulikatika, mara ngapi dada wa kazi alisema anataka kuondoka. Mwishoni soma daftari mbele ya kaya yote na kila mtu aseme lake, kuanzia mdogo.

Ukiamua kununua kutoka kwa kampuni inayouza viwanja kwa kuahidi maji, umeme na barabara, ahadi hizo ziandikwe ndani ya mkataba zikiwa na tarehe, pamoja na kinachotokea tarehe ikipita. Kipeperushi chenye picha ya bwawa la kuogelea si mkataba, lakini kihifadhi pamoja na risiti zote na ujumbe wa simu, kwa maana ni ushahidi wa ulichoambiwa. Muuzaji akiwa na mume au mke, ridhaa ya mwenza iandikwe. Mhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba mauziano yalishuhudiwa. Hauthibitishi kwamba aliyeuza ndiye mwenye mali. Mgogoro ukizuka, anza na Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu wala halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na nakala, usiache nyaraka halisi mahali popote bila risiti ya kupokelewa.